Mshauri wa viwanda vidogo aje karakanani

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya viwanda vidogo vya Tanga, yenye picha ya waheshimiwa waliosimama nyuma ya meza ya kitambaa cha bluu, imenikera hadi nimetafuta kalamu. Gazeti hili nimelinunua miaka mingi na mengi nimeyanyamazia. Lakini kuandika kwamba viwanda vyetu havikui kwa sababu wamiliki hatuthamini mafunzo wala ushauri wa wataalamu, hilo halimezeki.

Mimi nina karakana ya useremala. Tunatengeneza milango, fremu, makabati na vitanda, na mbao zetu nyingi ni mitiki ya upande wa Longuza, kule Muheza. Mafunzo tumepewa. Tumepewa mpaka fulana zimejaa kabatini. Kila mradi unaoingia mkoani huanza na "kuwajengea uwezo wajasiriamali", na uwezo huo hujengwa hotelini, kwenye kiyoyozi, kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana. Anayealikwa ni mimi mwenye karakana, ambaye siku hizi randa siishiki kwa sababu ya mgongo. Kijana anayesukuma mbao kwenye msumeno, ambaye nusu inchi yake ndiyo inayokula faida yangu, habari hana. Anapiga simu kuuliza nitarudi saa ngapi, maana mteja amekuja na hasira.

Kwenye semina moja tulifundishwa Kaizen, ile njia ya Wajapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo. Mwezeshaji alieleza vizuri, sikatai: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, tukaitikia kwa sauti. Nikanyoosha mkono nikauliza atakuja lini kutuonesha karakanani. Akacheka, akasema hilo halimo kwenye bajeti. Sasa Mhariri, Wajapani Kaizen waliikuza sakafuni, pale kazi inapofanyika. Inasimuliwa kwamba Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda na kumsimamisha mhandisi ndani yake, hatoki mpaka aone kwa macho yake kazi inakwama wapi. Sisi duara letu tumeletewa kwenye projekta.

Halafu tukaletewa mshauri elekezi, mtu na shahada zake, analipwa na mradi. Alifika kwangu gari likinguruma nje, akapiga picha, akauliza mauzo ya mwaka, akauliza kama nina dira na dhima. Nikamwambia nina deni la mbao. Hilo hakuliandika. Hakumsalimia fundi hata mmoja, na siku hiyo msumeno ulikuwa unalia kwa ubutu, mtu yeyote aliyewahi kushika ubao angeusikia tangu barabarani. Ripoti ikaja baada ya miezi, imejalidiwa, inameremeta. Uwezo, udhaifu, fursa na vitisho, kila kimoja na kisanduku chake. Nikafika kwenye mapendekezo. Nibuni nembo. Nifungue kurasa za mitandao. Niwahimize wafanyakazi wangu kunawa mikono na kusafisha vyombo kabla ya kupokea maziwa ya asubuhi. Maziwa! Nikavua miwani, nikaifuta, nikasoma tena. Maziwa yapo, na chini yake kuna nasaha za kuchagua ndoo. Ripoti ya mfugaji fulani, imebadilishwa jina juu ikaletwa kwa seremala, na mtu amelipwa kwa hiyo! Nikapiga simu ofisi ya mradi. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake: "Shikamoo mzee. Hiyo ripoti imeshapitishwa, wewe saini tu fomu ya kupokea ili tufunge." Sikusaini. Mpaka leo najulikana kama mjasiriamali mgumu, na mialiko imepungua.

Aliyenisaidia mimi hana hata kadi ya biashara. Ni mstaafu, aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha mbao, sasa anakunywa kahawa barazani mtaa wa pili. Alikaa juu ya gogo pembeni ya msumeno, kikombe mkononi, akatazama tu. Alipoanza kuuliza aliwauliza vijana, mimi akaniacha. Mbona mbao zimeegemezwa ukutani? Mbona huyu anavuka uwanja kila anapotaka kupima? Meno haya kayanoa nani, na lini? Akawafundisha kupanga mbao kivulini, zimeinuliwa kutoka chini, na vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu ili upepo upite, na kupaka rangi ncha zake zisipasuke. Mbao ya samani inatakiwa unyevu ushuke hadi kama asilimia 12; ukiunda mlango kwa mbao mbichi, kaskazi ikiingia mlango umesinyaa, viungo vimeachia, mteja yuko kizingitini anakutaja wewe na wazazi wako. Akawaonesha vijana wawili kunoa meno ya msumeno na kuyapinda kidogo, moja kushoto moja kulia. Kila kipimo cha mlango akakitengenezea ubao wake wa sampuli, unaning'inia ukutani, basi. Malipo yake yalikuwa posho ndogo na kitanda cha mjukuu. Makapi yakapungua mpaka mama lishe wa jirani akalalamika kwamba kuni hapati tena. Mmoja wa vijana wale nikampeleka VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kwenye ule utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana mtaani, akapata cheti, sasa anatembea kifua mbele. Kwa hiyo nisiambiwe sithamini mafunzo.

Na kwa kuwa tumefika kwenye ujuzi, ile tozo ya kuendeleza ujuzi nayo niiseme. Mwaka 2021 wanaolipa wakawa waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea, badala ya wanne. Mwaka 2023 ikashushwa kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Nafuu ni nafuu, asante. Lakini pita kwenye karakana uhesabu zenye watu tisa, utachoka. Wa kumi yupo, ila ukiuliza utaambiwa ni mgeni. Anayethubutu kumwandika huyo wa kumi anaanza kulipa tozo kwa mishahara ya wote, na sehemu ya fedha hiyo inakwenda kwenye mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Watoto wa watu siwaonei wivu, wasome. Kijana wangu wa msumeno je? Vuka mpaka wa Horohoro tu hapo: Kenya mwajiri hutoa shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akimpeleka mtu wake kwenye kozi iliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Sisi tunachodai ni risiti.

Tena hao wanaotuhimiza tukue, ingia ofisini mwao utazame walichokalia. Viti vya kwenye kontena, makabati ya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, yakipata maji kidogo yanavimba. Na mitiki ipo Muheza!

Pendekezo langu mlichape lilivyo. Fedha ya semina za hotelini igeuzwe posho ya wastaafu wa viwanda vya mkonge, vya mbao na karakana za reli, ambao Tanga imejaa, na kila mmoja apangiwe karakana za kuzungukia. SIDO, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, itunze daftari la majina yao. Mshauri elekezi naye tusimtupe. Alipwe akishamaliza siku tatu karakanani kuanzia saa moja na nusu asubuhi, simu imezimwa, na fomu yake ya malipo isainiwe na fundi wa msumeno. Chaki ninayo. Duara nitamchorea mwenyewe, kati ya msumeno na mashine ya randa, pale vumbi linapotua. Mchana kuna wali maharage kwa mama lishe, na atajilipia.

Seremala,
Ngamiani, Tanga