Rehema, zitafute zile picha kabla ya Ijumaa

Houston, 20 Machi 2025

Shoga yangu Rehema,

Assalaam alaykum, na Ramadhani njema. Ujumbe wako niliuona Jumapili nikanyamaza, ukaja wa pili nikanyamaza. Usinune. Nilikuwa nimechafukwa, nikaona nikikupigia simu nitafungua swaumu kwa matusi. Kwenye karatasi mtu hujizuia.

Kwanza hongera ya nyumba. Mama Nuru ndiye aliyenidokeza kuwa mnasaini Ijumaa ijayo, na kanituma nikuulize kama jiko ni la gesi. Sasa kabla hujashika kalamu, nina shida, na shida yenyewe inakuhusu na wewe.

Unaikumbuka siku tuliyosaini mkopo wa nyumba yetu hapa, mwaka 2019? Ulipiga picha kila ukurasa kwa simu yako, yule bwana wa mezani akakukata jicho, mimi nikawa nakuminya paja uache. Zile picha unazo? Kabrasha langu liliishia kwenye baridi ya Februari 2021, mabomba yalipopasuka darini. Karatasi ziligandana kama maandazi yaliyomwagikiwa chai. Nautafuta ukurasa mmoja tu, ule unaosema kodi ya jengo tutailipa kaunti wenyewe, hatuwekewi eskro, yaani mkopeshaji hatukatii kodi hiyo kidogo kidogo kila mwezi atulipie yeye. Tulitoa asilimia 20 mbele, na unajua jasho lake, shemeji yako aliuza gari. Sababu mojawapo ilikuwa hiyo, tushike pesa yetu mkononi. Na kila mwaka tumelipa. Mwisho ni Januari 31. Mimi huenda dirishani mwenyewe na hundi, nagongewa muhuri, narudi. Mwaka huu nililipa dola 5,236 tarehe 14 Januari. Risiti iko chini ya msahafu.

Haya, sikiliza. Desemba mkopo wetu uliuzwa. Wanatuuziana kama mbuzi wa Idi. Kampuni mpya ya kukusanya marejesho ikaleta barua ya kutukaribisha, maneno matamu mpaka mwisho. Februari ikaja ya pili: kodi yenu haijalipwa, tumewalipia 4,860, na kuanzia Machi mna eskro. Hakuna "mwaonaje", hakuna hata "tuleteeni risiti". Marejesho yetu ni 1,312. Wameongeza 405 za kodi inayokuja, 405 nyingine za kufidia waliyolipa, na 67 na nusu za akiba. Jumla 2,189 na senti 50. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa simu, halafu nikamwamsha shemeji yako ahesabu yeye. Hiyo akiba sheria inawaruhusu, ile RESPA ya mikopo ya nyumba, ya mwaka 1974, mradi isizidi moja ya sita ya malipo ya mwaka. Nimepiga: haikuzidi hata senti. Kwenye kugawanya ni wachamungu.

Nikafanya ujinga ambao wewe usiufanye. Tarehe 1 nikalipa 1,312 zangu kama kawaida, nikasema wataona wenyewe. Hawakuziingiza kwenye mkopo. Wameziweka pembeni, kwenye akaunti ya kusubiria, mpaka zitimie kiasi wanachokitaka wao, na kwangu panasomeka kuwa Machi sijalipa. Tarehe 17 wakanibandika faini ya kuchelewa, 65 na senti 60. Pesa wanayo, Rehema! Wameikalia, na mimi ndiye niliyechelewa.

Usiku wa siku hiyohiyo nilikuwa kazini. Saa tisa na nusu, bibi wa chumba cha mwisho kalala, nimekaa na uji wangu wa daku, nikaitoa tena ile barua. Kuna kitu kilikuwa kinanikera siku zote: kwa nini 4,860, wakati bili yangu ni 5,236? Nikaingia kwenye tovuti ya ofisi ya kodi ya kaunti, maana Texas rekodi hizo ziko wazi kwa kila mtu, nikaandika namba ya akaunti iliyo kwenye barua yao. Ikatoka nyumba ya mzee wa ng'ambo ya barabara, yule wa malimau! Namba yetu inaishia na 47, ya kwake 74. Uji ulinipalia.

Na mzee wa watu si mzembe. Hapa mwenye nyumba akifikisha miaka 65 anaweza kuomba kodi yake iahirishwe maadamu anaishi humo. Deni linakua polepole, riba asilimia 5 kwa mwaka, na hakuna wa kumnadia nyumba. Walipochungulia akaunti yake wakaona deni, wakasema ndiye huyu. Kwa hiyo kalipiwa kodi na kampuni isiyomjua hata jina, na mwenye kurejesha ni mimi. Jana kaniletea malimau ya kufuturia. Nikayapokea, na kucheka juu. Nimwambie? Shemeji yako anasema ninyamaze, watarudishana wenyewe na kaunti. Mama Nuru anasema nimwambie, tena nimdai malimau ya mwaka mzima.

Sasa turudi kwenye ule ukurasa. Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele kwamba wametuwekea eskro bila ridhaa yetu. Jumanne nikampigia mama mmoja wa ofisi ya ushauri wa nyumba, hawatozi kitu, akanisomea kifungu kilichomo kwenye mikataba ya kawaida ya mikopo hii. Mkopeshaji anaweza kukusamehe eskro, na anaweza kuufuta msamaha wake wakati wowote kwa kukupa notisi. Na ukiiacha kodi, ana haki ya kuilipa na kukudai, kwa sababu deni la kodi linautangulia mkopo: nyumba ikinadiwa, kaunti inachukua kwanza. Maana yake ridhaa niliitoa mwenyewe, 2019, nikiwa na njaa, nageuza kurasa ili tuwahi kula, wewe unapiga picha. Kama wa kwangu umeandikwa vingine, nina la kusema. Kama ni hivyohivyo, nitabaki na la 47 na 74.

Nilimsimulia mama, Tanga, akacheka mpaka simu ikakatika. Kule tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Walianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, sasa 1,500, na mpangaji akinunua umeme anakatwa kodi ya mwenye nyumba. "Kwani sisi tuliulizwa na nani?" Nikakosa jibu. Ila 1,500 za shilingi, mama, si...

Basi tuache.

Sikwambii uikatae eskro. Chausiku anaipenda, kwake ni kama upatu, kodi inalipwa yeye kalala. Mimi nauona upatu ambao kila mwezi mpokeaji ni yuleyule. Na kama mkopo wenu ni wa FHA, ule wenye dhamana ya serikali, huna la kuchagua, eskro ni lazima. Lakini kila mwaka watakuletea hesabu yake, na ziada ikifika dola 50 wakurudishie ndani ya siku 30, mradi hudaiwi malimbikizo. Karatasi hiyo usifungie sambusa. Na iangalie namba ya akaunti, tarakimu moja moja, kwa kidole.

Barua yangu ya malalamiko kwa hiyo kampuni nimeituma jana kwa rejista, pamoja na nakala ya risiti na ukurasa wa kaunti unaoonyesha sidaiwi. Ina anwani yake ya malalamiko, si ile ya kupelekea malipo. Yule mama alinirudishia hilo mara tatu. Wana siku 5 za kazi kukiri kuwa wameipata, na 30 za kazi kujibu. Na kwa siku 60 hawaruhusiwi kunichafua kwenye rekodi za mikopo kwa malipo hayo. Ile 47 nimeizungushia wino mwekundu. Shemeji yako anasema ni utoto.

Kilichobaki ni Aprili. Nilipe 2,189 na senti zake ili nisipigwe faini nyingine, nidai baadaye? Yule mama anasema ndiyo. Roho inakataa.

Sasa nijibu. Mmetoa asilimia ngapi? Nani anakwenda nawe Ijumaa, au tena utakuwa peke yako na shemeji yuko zamu? Wamekuonyesha karatasi mapema au watakurundikia mezani siku hiyohiyo? Viza ya mama yako imefikia wapi? Na jiko ni la gesi au la umeme, maana Mama Nuru hatanipa amani?

Anza na picha. Zilikuwa kwenye ile simu yenye ufa kiooni, usiniambie ulimpa Shamsa.

Wako,
Mwanaidi