Malalamiko: rekodi yenu ya Kiswahili imeuondoa utumwa kwenye historia ya Louisville

Louisville, Kentucky
17 Juni 2024

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU REKODI YA KISWAHILI KATIKA ZIARA YA MTO OHIO

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Jumamosi iliyopita nilikuja kwenye ziara yenu pamoja na familia yangu na wazee wa kanisa letu, wengi wao wakiwa watu wa Kongo. Tulichukua rekodi ya maelezo ya kusikiliza kwa Kiswahili, isipokuwa binti yangu aliyechagua ya Kiingereza. Tulipofika kwenye sanamu ya mtu aitwaye York, sisi tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye habari za mbio za farasi, naye bado amesimama anasikiliza. Nikamwomba vifaa vyake vya masikioni. Niliyoyasikia humo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwanzo wa rekodi ni mzuri, na ni haki niseme hivyo. Mmeeleza vizuri kwa nini mji umekaa hapa: maporomoko ya Ohio, ambako mto unashuka karibu mita 8 katika mwendo wa kilomita chache, yalilazimisha boti kusimama na mizigo kushushwa, ikavushwa kwa nchi kavu hadi mfereji ulipofunguliwa mwaka 1830. Mmemtaja George Rogers Clark aliyeleta walowezi mwaka 1778, na Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa ambaye mji umepewa jina lake. Bondia Muhammad Ali, mzaliwa wa mji huu, mmempa nafasi kubwa, na wazee walifurahi sana kusikia pambano la Kinshasa la 1974.

Lakini kati ya Clark na Ali, katika rekodi ya Kiswahili, hakuna mtu Mweusi hata mmoja.

Rekodi ya Kiingereza inasema kwamba mto huu ulikuwa mpaka: upande wa Kentucky utumwa, ng'ambo ya pili Indiana, jimbo lisilo na utumwa, unaiona kwa macho. Inasema watu waliuzwa katika mji huu na kusafirishwa kwa boti hadi miji ya kusini ya Natchez na New Orleans. Inamsimulia York, mtumwa wa William Clark, mdogo wake George Rogers Clark, aliyekwenda na msafara wa uvumbuzi wa Lewis na Clark hadi bahari ya Pasifiki, akarudi mwaka 1806, akaomba uhuru wake na kukataliwa. Alipotaka kubaki Louisville karibu na mkewe, bwana wake alimwadhibu. Sisi tuliambiwa tu, "Kushoto kwenu ni sanamu ya mvumbuzi."

Inawataja pia Thornton na Lucie Blackburn. Walikuwa watumwa, na mwaka 1831 walitoroka Louisville mchana kweupe kwa meli ya mvuke, wakiwa na hati za bandia za watu huru. Baadaye walifika Toronto na kuanzisha biashara ya kwanza ya teksi za farasi katika mji huo. Katika kikundi chetu walikuwamo watu waliovuka ziwa Tanganyika usiku kukimbia vita. Hebu fikirini habari hiyo ingewagusa vipi.

Hata Kentucky Derby, mbio kubwa za farasi za mji huu, mmeipunguza. Mwaka 1875 ilipoanza mnautaja, farasi Aristides mnamtaja, lakini aliyempanda, Oliver Lewis, hamumtaji, wala hamsemi kwamba wapanda farasi 13 kati ya 15 siku hiyo walikuwa Weusi. Na sheria ya jiji ya 1914 iliyowatenga watu kimtaa kwa rangi, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta mwaka 1917, imeachwa yote.

Nilipomuuliza mhudumu wenu, alinijibu kwa upole kwamba rekodi hiyo ilifupishwa kwa kuwa wasikilizaji wake ni wageni na hawahitaji mambo mengi. Jibu hilo limeniumiza kuliko rekodi yenyewe. Sisi tunaishi hapa. Tunapakua mizigo usiku katika maghala ya mji huu, tunalipa kodi, watoto wetu wanasoma shule zake na wanaitwa Weusi kama walivyoitwa hao mliowafuta. Na hata angekuwa mgeni wa siku moja, kwa nini Mwafrika ndiye afichwe habari za Waafrika, na nauli alipe sawa na wengine?

Ninaomba rekodi ya Kiswahili irekodiwe upya, ikiwa kamili kama ya Kiingereza. Mpaka itakapokuwa tayari, wanunuzi waelezwe kabla ya kulipa kwamba imepunguzwa. Wazee niliokuja nao warudishiwe nauli zao. Nakala za risiti nimeziambatanisha. Nasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na kama mnahitaji watu wa kuipitia tafsiri mpya, katika kanisa letu wapo walimu wa Kiswahili walio tayari kukaa nanyi.

Wako,
Mteja na mkazi wa Louisville