Anayemsifu mpinzani huadhibiwa na watu wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie jambo ambalo wasomaji wengi hulitaja kwa kulalamika tu, yaani kwamba wanasiasa wa vyama vinavyoshindana hawasifiani hata pale ambapo sifa inastahili. Lawama huelekezwa kwenye chuki au kukosa adabu. Mimi naona wanasiasa hao wanapiga hesabu, na wanaohofiwa zaidi katika hesabu hiyo si wapinzani, bali ni wafuasi wa chama cha msemaji mwenyewe.

Kabla ya kukabiliana na chama kingine, mwanasiasa hana budi kuvuka kura za mchujo ndani ya chama chake, ambako mara nyingi hujitokeza wachache wenye msimamo mkali kuliko wapiga kura wa kawaida. Mbele ya watu hao, neno moja jema juu ya hasimu ni silaha tosha mikononi mwa mwenzake wanayegombania nafasi moja. Charlie Crist, aliyekuwa gavana wa Florida nchini Marekani kupitia chama cha Republican, alimkaribisha Rais Barack Obama, wa chama pinzani cha Democratic, jukwaani mjini Fort Myers mwezi Februari 2009, wakakumbatiana, kwa kuwa aliunga mkono mpango wa Rais huyo wa kufufua uchumi. Alipowania kiti cha useneti mwaka uliofuata, picha ya kumbatio lile ilimwandama kila alikokwenda, na Marco Rubio, mshindani wake ndani ya chama, hakuiacha ipotee. Aprili 2010 Crist alijitoa katika mchujo, akagombea bila chama, na Rubio akashinda. Sisemi kwamba ni kumbatio peke yake lililomwangusha, lakini ni mwanasiasa gani aliyeyaona hayo akatamani yamkute?

Linalonigusa zaidi ni lile la John McCain, mgombea urais wa Republican aliyeshindana na Obama. Tarehe 10 Oktoba 2008, zikiwa zimebaki wiki chache tu kabla ya uchaguzi wa rais, alikuwa akijibu maswali ya wafuasi wake mjini Lakeville, Minnesota, mmoja wao akasema anaogopa nchi kuongozwa na Obama. McCain alimjibu kwamba Obama ni mtu mwema na hakuna sababu ya kumwogopa akiwa rais. Ukumbi uliokuja kumshangilia ukamzomea. Baadaye mwanamke mmoja alishika kipaza sauti akasema hamwamini Obama kwa kuwa ni Mwarabu. McCain alitikisa kichwa, akakichukua kipaza sauti, akaeleza kwamba mpinzani wake ni raia mwema mwenye familia, na kwamba wanatofautiana tu katika mambo ya msingi. Leo watu humsifu kwa jibu hilo, lakini siku ile malipo yake yalikuwa mazomeo, tena kutoka kwa watu wake.

Hata anayesifiwa hupata hasara. Ukipongezwa na hasimu, wenzako huanza kuulizana umemfanyia nini, na wapo wajanja wanaolijua hilo, ambao humwagia sifa mtu wa upande wa pili makusudi ili chama chake kimtilie shaka. Ndiyo maana sifa za kweli hutolewa mahali pasipo hadhira, kama vile ndani ya kamati za bunge milango ikiwa imefungwa, au wakati ambapo hazigharimu kura, msifiwa akiwa amestaafu au akiwa kaburini. Rais George H. W. Bush wa Republican, alipoondoka madarakani Januari 1993, alimwachia Bill Clinton wa Democratic, aliyemshinda, barua ya mkono ya kumtakia heri, akimwambia kwamba mafanikio yake sasa ni mafanikio ya nchi. Ni barua ya kiungwana, ila tusisahau kwamba kura zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa.

Sitaki nieleweke kwamba upinzani ugeuke kwaya ya pongezi. Kazi yake ni kukagua na kuhoji, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo, kukosoa kunakotoka kwa mtu anayeweza pia kukiri kilichofanywa vizuri husikilizwa kwa makini zaidi kuliko kwa yule anayepinga kila kitu, bajeti na salamu za pole kwa pamoja.

Hapa ndipo ninapotaka kuvigusa vyombo vya habari, gazeti lako likiwamo. Mbunge akisema serikali ya chama kingine imefanya vyema katika jambo fulani, kichwa cha habari huuliza kama yuko njiani kuhama, na wachambuzi huanza kukadiria cheo alichoahidiwa. Alichokisifu hasa hakionekani popote. Mbunge mwingine akisoma habari hiyo, ataamua kunyamaza, na sioni kwa nini tumlaumu.

Habari ya namna hiyo ikifika tena mezani pako, naomba aya ya kwanza ieleze ni sheria gani, mradi gani au uamuzi gani uliosifiwa, na kama kweli umefanya kazi inavyodaiwa. Suala la kuhama linaweza kukaa aya za mwisho, au lisubiri siku atakapohama.

Msomaji wako wa siku nyingi