Mafunzo ya uhasibu yaanzie kwenye mizani ya mkulima

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo limenikaa moyoni tangu msimu uliopita wa masoko ya tumbaku hapa Urambo, mkoani Tabora. Mimi ni mwalimu wa uhasibu, na katika msimu huo wakulima wa chama kimoja cha msingi waliniomba niwasaidie kusoma vitabu vya chama chao. Urari, yaani ulinganisho wa jumla za pande mbili za hesabu, ulikuwa sawa kabisa. Hata hivyo, mkulima mmoja alipouliza alikabidhiwa mifuko mingapi ya mbolea, siku gani, na nani aliyemkabidhi, kitabu hakikuwa na jibu. Kilichokuwamo ni jumla ya deni lake tu, nalo lilikwisha kukatwa kwenye malipo ya tumbaku yake.

Swali la mkulima yule lilinirudisha kwenye maandishi ya Profesa William McCarthy, aliyefundisha uhasibu na mifumo ya habari kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1982 alichapisha makala iliyopendekeza kwamba kompyuta isigeuzwe kuwa leja, yaani daftari kuu la hesabu, iliyohamishwa kutoka kwenye karatasi hadi kwenye kioo, bali itunze kumbukumbu za rasilimali, matukio na wahusika. Kwa Kiingereza maneno hayo ni resources, events, agents, na herufi zake za mwanzo ni REA; msomaji asidhani kwamba nazungumzia Wakala wa Nishati Vijijini.

Mtaalamu wa kompyuta Peter Chen alikuwa ameonyesha mwaka 1976 namna ya kuchora taarifa kama vitu na mahusiano yake. McCarthy aliichukua njia hiyo akaipeleka kwenye biashara, ambako kila tukio la kutoa huambatana na tukio la kupokea, yaani nipe nikupe. Kwa mfano wetu, mbolea imetoka ghalani na tumbaku imepanda kwenye mizani; kila tukio lina kiasi chake, siku yake, mtoaji wake na mpokeaji wake. Debiti na krediti, yaani pande mbili za kila hesabu, ambazo mtawa wa Italia Luca Pacioli alizieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, McCarthy aliziona kuwa ni zao la leja na majarida, yaani vitabu vya kuandikia miamala kwa mara ya kwanza. Jumla inaweza kukokotolewa wakati wowote kutokana na matukio yaliyoandikwa, lakini matukio hayawezi kupatikana tena kutokana na jumla peke yake. Hapo ndipo vitabu vya chama kile vilipokwama.

Kinachonigusa zaidi katika kazi ya profesa huyu ni kwamba hakuliacha swali lake. Akishirikiana na Guido Geerts, aliupanua mfumo huo hadi ukahusisha ahadi na mikataba, jambo ambalo mkulima wa tumbaku, anayelima kwa mkataba, angelielewa upesi kuliko wengi wetu. Mwaka 2003 alikuwa bado akiandika kuhusu namna ya kuufundisha darasani, na mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango kilichojengwa juu ya fikra hizo, miaka 25 baada ya ile makala ya kwanza. Nawaomba wakuu wa vyuo vyetu wawape wahadhiri muda wa namna hiyo, badala ya kuwahimiza waruke kutoka mada moja hadi nyingine.

Najua wenzangu watasema kwamba mwanafunzi asiyejua debiti na krediti hatafaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Ni kweli, wala siombi ziondolewe. Ninachoomba ni mpangilio: vyuo vya Tabora na Kigoma vinavyofundisha uhasibu vimpeleke mwanafunzi sokoni kabla ya kumfungulia leja, aandike kila robota lilipimwa kilo ngapi, limepewa daraja gani, ni la mkulima gani na limepimwa na nani, kisha arudi darasani ajifunze kutoa jumla kutokana na kumbukumbu alizoziandika mwenyewe.

Masoko yatakapofunguliwa tena, nitakuwa tayari kuwapokea wanafunzi watakaoletwa Urambo, na baadhi ya wakulima wamekubali kazi hiyo ifanyike kwenye tumbaku yao.

Mwalimu wa uhasibu,
Urambo, Tabora