Barua kwa vijana wa kibanda cha video, Kirumba, Mwanza

Mwangaluka, wanangu.

Juzi nilikaa nanyi mkiangalia Star Trek ya zamani, ile tamthilia ya Kimarekani ya safari za anga, kutoka kwenye flashi. Kila watu walipokaa kuzungumza, mlipaza sauti: "Sogeza mbele, tunataka vita!" Nimeudhika, na leo mtanisikiliza.

Mlichoruka ni hiki. Kipindi kile cha 1967, Spock, msaidizi wa nahodha wa chombo, na baba yake, Sarek wa sayari ya Vulcan, hawajaongea kama baba na mwana kwa miaka 18. Kisa? Kijana aliingia kazi ya vyombo vya anga badala ya chuo alichotaka mzee. Sasa Sarek anaumwa moyo, anahitaji damu ya mwanawe. Lakini nahodha kachomwa kisu, Spock kashika chombo, anagoma kuondoka: kazi kwanza. Mama yake, mwanamke wa dunia hii hii yetu, anambembeleza hadi anachoka, anamzaba kibao. Hapo mkacheka! Mlimwona yule mama usoni?

Pale soko la samaki la Mwaloni yupo baba ambaye mwanawe aliacha uvuvi akaendesha bodaboda. Wanapitana asubuhi, kila mmoja anatazama pembeni. Ukiwauliza, kila mmoja anasema hana neno na mwenzake. Salamu zinapita kwa mama, anazeeka akiwa posta. Siku hospitali ikiita ndugu wachangie damu, ndipo watatafutana, mgonjwa hawezi hata kuitikia.

Watu wa Vulcan wana hisia, tena kali; wamefundishwa kuzibana. Wazee wenzangu, na sisi ndivyo tunavyolea wavulana: mwanaume halii. Halafu akilewa akampiga mkewe, tunaitisha kikao na kushangaa.

Mengine kwa kifupi. Mtazameni Data, yule wa Star Trek ya pili, iliyoanza 1987, mashine inayouliza maana ya urafiki bila kuona haya. Mtazameni Picard, nahodha wake, aliyeishi kichwani maisha mazima ya mtu mwingine, mke na mjukuu, kwa muda usiofika nusu saa, akaamka amebaki na filimbi. Nanyi madijei wa kutafsiri, acheni kuchomekea utani mtu anapolia.

Spock alitoa damu, Sarek akapona. Hakuna aliyeomba radhi. Waliungana tu kumtania mama. Kwa wanaume wabishi, huo ni mwanzo mzuri. Mwenye baba Ukerewe au Sengerema ampigie leo, hata kama ni kumuuliza bei ya dagaa.

Mzee wenu wa Kirumba