Ukimchagua Rey Mysterio, cheza kama mtu mfupi

Mwanangu Athumani,

Nisalimie bibi, mjomba na watoto wote wa hapo. Ujumbe wako nimeupata, na kilio chako nimekielewa: kila jioni binamu zako wanachukua Brock Lesnar na Omos, yale majitu ya mieleka, wewe unachukua Rey Mysterio wako, yule mwanamieleka mfupi wa barakoa, na kila jioni unalala chali refa akihesabu hadi tatu. Unauliza kama Rey wa kwenye WWE 2K22, mchezo wa video wa mieleka ya kampuni ya WWE, ametengenezwa dhaifu. Hapana, baba. Hao waliotengeneza mchezo walimweka Rey kwenye jalada lake ulipotoka Machi 2022, wasingemfanya wa kuonewa. Shida ni kwamba unamchagua Rey halafu mikono yako inacheza Undertaker, jitu jingine.

Rey ana urefu wa sentimita 168 na uzito wa kilo 79 hivi. Lesnar anakaribia kilo 130. Mchezo unalijua hilo. Kuna kipengele kinachopima uzito, na kikiwa kimewashwa, mtu mwepesi akijaribu kumnyanyua mtu mzito sana anashindwa njiani, anashika kiuno chake mwenyewe, na yule jitu anapata bure nafasi ya kumpiga. Kwa hiyo ukiona Rey amemkumbatia Omos halafu hakuna kinachoendelea, usiilaumu padi. Umeomba kitu ambacho mwili wake hauwezi. Usimkubalie binamu yako akikwambia mkizime kipengele hicho ili iwe sawa kwa wote. Kikizimwa, Rey anakuwa mtu wa kawaida mwenye barakoa, na utamu wote wa kumchezesha umeisha.

Sasa shika padi ya PlayStation, twende kitufe kwa kitufe. Mraba ni pigo jepesi. X ni pigo zito, la polepole. Duara ni kumkamata mtu. Ukishamkamata, mraba unatoa mtupo mwepesi, X inatoa mtupo mzito, na duara kwa mara ya pili linamrusha kwenye kamba. Ukiongeza mwelekeo wa kijiti cha kushoto, mtupo unabadilika. Pembetatu ni ya kutegua, yaani kuligeuza pigo la mpinzani, na ukiishikilia unajikinga. R1 ni kukwepa. L2 ni kukimbia. L1 ni kuokota kitu. Kijiti cha kulia ukikisukuma chini unabana mabega, ukikisukuma juu unamwinua aliyelala.

Kwa Rey, kidole gumba chako kikae kwenye mraba na R1. Hivyo viwili ndivyo riziki yake. X iogope. Pigo zito la mtu mdogo linachelewa kufika, na likiteguliwa unalipa gharama kubwa kuliko faida uliyoitarajia. Mitupo mizito iache kwanza mpaka mpinzani awe amechoka, na kwa Omos isahau kabisa.

Mapigo ya mfululizo yote yanaanza na mraba. Ukibonyeza mraba kisha ukachanganya mraba, X na duara kwa mpangilio maalumu, Rey anaunganisha mapigo mpaka mwisho. Mfululizo unatofautiana kulingana na kijiti: ukikielekeza kwa mpinzani ni mmoja, ukikivuta mbali naye ni mwingine, ukikiacha huru ni wa tatu. Usiikariri yote. Simamisha mchezo, fungua orodha ya mapigo yake, chagua miwili tu unayoweza kuifanya bila kutazama vidole. Miwili inatosha kabisa kwa wiki ya kwanza.

Lakini hapa ndipo unapoliwa, kwa sababu mchezo umempa anayepigwa mlango wa kutokea. Wakati unamtwanga, yeye akibonyeza kitufe kilekile unachobonyeza wewe wakati huohuo, mfululizo unakatika na anakusukuma mbali. Vitufe ni vitatu tu: mraba, X, duara. Mtu anayebahatisha ana nafasi moja katika tatu, ila binamu zako hawabahatishi tena, wameshakuzoea. Mtu anayebonyeza mraba mara nne mfululizo kila mara anasomeka kama gazeti. Ndiyo maana nimesema miwili: mmoja unaopita kwenye X katikati, mwingine unaopita kwenye duara. Na mara nyingine ukatize mwenyewe kabla haujaisha. Piga mara mbili, acha, kwepa kwa R1, rudi. Aliyekuwa amejiandaa kukatiza pigo la tatu anabonyeza hewa.

Na wewe ukipigwa, usibonyeze vitufe vyote kwa pamoja kama mtu anayefukuza nzi. Chagua kimoja ushikamane nacho. Wachezaji wengi wanaoanza wanategemea mraba, kwa hiyo mraba ndio dau la kwanza. Ukishaona binamu yako anamalizia na X kila mara, mngojee hapohapo.

Kutegua ni pembetatu, na alama yake hujitokeza juu ya kichwa kwa muda mfupi sana. Kosa la watu ni kuibonyeza mara nyingi wakitumaini moja itanasa. Haifanyi kazi hivyo: ukiwahi mno umeshakosa. Bonyeza mara moja, kwa alama, basi. Kama macho yako bado ni mazito, kaa na mafunzo yanayokuja ndani ya mchezo, yale ambayo Drew Gulak anakufundisha katika kituo cha mazoezi cha WWE. Anaongea sana, mvumilie. Nusu saa pale ina faida kuliko mechi kumi za kupigwa.

Kuhusu majitu, siri ni miguu. Mchezo unahesabu maumivu kwa sehemu za mwili, kwa hiyo chagua sehemu moja uishughulikie usiku kucha badala ya kugusa kila mahali. Mateke ya chini na mitupo inayopiga goti ndiyo unayoyataka. Hata mtu mzito akilala, usikimbilie kumbana mapema. Mbane mtu ambaye bado ana nguvu na atajinasua kwa kubonyeza mara mbili tatu, na wewe umepoteza muda ambao ungeutumia kupanda kona. Rey akiwa kona ya juu ana thamani, ila kuna sharti: mpinzani awe amelala au ameduwaa, na awe umbali wa hatua chache. Ukipanda mtu akiwa macho, atakushusha kwa ngumi na utajuta. Panda, ruka, shuka. Usikae juu ukipungia watu.

Sasa tuje kwenye 619, maana najua ndiyo iliyokufanya umchague. Jina lenyewe ni namba ya simu ya eneo la San Diego, kule Rey alikozaliwa upande wa California, kabla ya kufunzwa mieleka na mjomba wake ng'ambo ya mpaka, Tijuana, Mexico. Katika ulingo wa kweli, mpinzani anaangukia kamba ya kati, kifua juu ya kamba, uso nje. Rey anakuja mbio, anashika kamba ya juu na ya kati, anazungusha miguu kupitia nafasi iliyopo katikati, na nyayo zinamkuta mtu usoni. Bila kamba hakuna 619. Ndani ya mchezo pia mapigo ya kumalizia yana mahali pake: mengine yanataka mtu amesimama, mengine amelala, mengine kwenye kona, mengine kwenye kamba. Ile orodha ya mapigo uliyoifungua inakuonesha kila pigo linataka mpinzani akae vipi. Isome kwa Rey kabla ya mechi, kwa sababu malalamiko yako ya kwamba umebonyeza na hakuna kilichotokea karibu yote yanatoka hapo: umebonyeza katikati ya ulingo kitu kinachotaka kamba, au mpinzani amekupa mgongo ilhali pigo linataka uso.

Vitufe vya kukumbuka ni hivi: R2 na mraba kwa pigo lake mashuhuri, R2 na X kwa pigo la kumalizia. Pigo mashuhuri litumie mapema, usilitunze kama pesa ya karo. La kumalizia lichelewe. Hakikisha mtu amechoka, msogeze mahali panapotakiwa, ndipo ulitoe, na usilitoe baada ya kukimbia ovyo, maana hilo nalo linaweza kuteguliwa. Ukiteguliwa pigo la kumalizia limekwenda na maji. Kuna mstari wa tatu wa kulipiza, unaojaa kadiri unavyopigwa. Unautoa kwa R2 na pembetatu. Wewe unayepigwa sana unao umejaa kila mara na hujawahi kuutumia. Soma kwenye orodha Rey amepewa uwezo gani hapo, kisha uweke kwa ajili ya dakika ile unapoona mambo yameharibika.

Kubanwa mabega ni mchezo wa kubonyeza haraka kitufe kinachooneshwa. Kidole gumba kinachoka upesi. Ilaze padi juu ya paja, tumia kidole cha shahada, kikiwa kimejikunja kidogo, na mkono mwingine uishikilie isihame. Binamu yako mkubwa anakushinda kwa hilo tu, si kwa ujuzi.

Mkicheza Royal Rumble, ule mchuano wa watu wengi wa kutupana nje ya ulingo, kaa katikati. Rey wa kweli alishinda ile ya 2006 akiwa ameingia wa pili na kukaa zaidi ya dakika 62, na miezi michache baadaye, kwenye WrestleMania ya 22, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, akachukua ubingwa wa dunia mbele ya Kurt Angle na Randy Orton. Kwenye mchezo mtu mwepesi akisogea kwenye kamba anatupwa nje kama gunia tupu. Waache majitu wamalizane, wewe kwepa tu, ingia wakibaki wawili watatu.

Ukiwa peke yako, cheza sehemu ya Showcase, ambayo yote ni maisha yake ya ulingoni. Inaanza na pambano lake na Eddie Guerrero la Oktoba 1997, Las Vegas, ambapo angeshindwa angevuliwa barakoa, alishinda. Kwangu mimi hilo ndilo pambano bora katika diski nzima, na picha za kweli zinaingia katikati ya mchezo bila kukatika, kwa hiyo ukiona video imeanza weka padi chini utazame. Kila pambano lina maagizo: mfanyie hivi, mpeleke pale. Watu hukwama kwa sababu wanasoma jina la agizo na kuacha maelezo yake. Kama agizo linasema mpinzani awe ameduwaa, ukimfanyia akiwa mzima halihesabiwi, hata ufanye mara kumi. Usishangae kwamba ule ushindi wa WrestleMania haumo: Kurt Angle hakuwekwa kwenye mchezo huu, na bila yeye pambano hilo haliigiziki. Ni pengo kubwa, na nililiona siku ile ile. Ukimaliza mapambano unafunguliwa mavazi na barakoa za miaka tofauti, hizo za kutambia kwa binamu zako.

Wakikwambia mcheze na watu wa mbali kwa intaneti, msipoteze bando. Seva za 2K22 zilizimwa mwanzoni mwa 2024. Kinachobaki ni mlicho nacho sebuleni, na ndicho kizuri.

Padi ile nyeusi kijiti chake cha kulia kimeanza kuteleza. Ukiona Rey anabana mtu bila wewe kutaka, ndiyo sababu. Mpe mgeni hiyo, wewe chukua ya bluu. Waya wa kuchaji ni ule wenye kichwa kidogo cha simu za zamani, uko mfuko wa pembeni wa begi lako.

Na 619 ibaki kwenye televisheni. Ulingo una mbao na sponji juu ya vyuma, na hata hivyo Rey amefanyiwa upasuaji wa magoti mara kadhaa. Kitanda cha bibi yako ni cha kamba za ukindu. Kikikatika, nauli ya fundi itatoka kwenye pesa zako za sikukuu.

Mama yako