Mjomba, ule ukurasa hukupaswa kuuchana

Mjomba, shikamoo.

Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe hadharani. Lakini simu zangu huzipokei, na kwenye kundi la familia likitajwa jina la White Sox, timu yetu ya besiboli ya Chicago, unanyamaza hadi mada ibadilike. Basi nakuandikia hapa, atakayesoma na asome.

Kuiacha timu sikulaumu. Wengi waliiacha mwaka 2024, na timu iliyopoteza mechi 121 kati ya 162 haiwezi kumdai mtu jioni zake. Kinachonikereketa mpaka leo ni ule usiku wa Mei 23, ulipochana ukurasa wa kitabu cha mechi, kile tunachoandikia kila tukio kwa namba, mbele ya watoto ambao wewe mwenyewe ndiye uliyewafundisha kukijaza. "Huu ni uhuni," ukasema, ukaukunja, ukautia mfukoni. Watoto wakabaki wanatazamana, penseli mkononi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Iningi ya tisa, yaani zamu ya mwisho ya kupiga, Orioles wa Baltimore 8, sisi 6, auti moja: mtu wetu mmoja ametolewa, wakifika watatu zamu imekwisha. Vaughn wetu yuko besi ya pili, kituo cha pili cha kukimbilia, mwenzake besi ya kwanza, Benintendi wetu anapiga. Mpira ukapanda juu, ukawa mfupi. Kanuni ya hapo unaijua kuliko mimi: wakimbiaji wakiwa besi ya kwanza na ya pili na auti hazijafika mbili, mpira wa juu ambao mlinzi wa ndani anaweza kuudaka bila taabu unamtoa mpigaji papo hapo, udakwe usidakwe. Imewekwa hivyo ili mlinzi asiuangushe makusudi akapata watu wawili kwa hila. Hiyo ikawa auti ya pili. Vaughn, akirudi besini, akaingia kwenye njia ya Henderson, mlinzi wa Orioles aliyekuwa anaufuata mpira. Henderson akaudaka vilevile. Mwamuzi akasema mkimbiaji amemzuia mlinzi. Auti ya tatu, mechi imekwisha.

Hasira yako ilikuwa na haki. Klabu ilisema baadaye kwamba ligi imewaeleza kuwa mwamuzi alikuwa na hiari ya kuliachia lile tukio. Lakini kanuni ya kumzuia mlinzi haiangalii nia. Anayeufuata mpira ndiye mwenye njia, mkimbiaji ndiye wa kupisha, awe amemwona au hakumwona. Hilo tulilisikia kwako. Na mpigaji alishatoka, kwa hiyo Vaughn hakuwa na sababu ya kuharakisha. Alitakiwa kumtafuta Henderson kwa macho kwanza, kisha arudi kwa kumzunguka. Angekuwa amekanyaga besi, asingeitwa auti ila kama amezuia makusudi.

Sasa fikiria jinsi linavyoandikwa. Mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, ndiye Henderson, kitabuni ni namba 6. Kiboksi cha Benintendi kinaandikwa 6. Kiboksi cha Vaughn nacho 6, maana auti ya kuzuia huhesabiwa kwa mlinzi aliyezuiwa. Auti mbili za mtu mmoja, kwa mpira mmoja. Mtu anaweza kujaza vitabu vingi asilipate tukio kama hilo kwa mkono wake. Watoto walilipata, likabaki kuandikwa tarakimu mbili na mstari wa kufunga iningi. Ukawanyang'anya.

Nisamehe nikikushauri, mtoto hamfundishi mkubwa wake, ila naona hii kazi ulituachia sisi. Timu ikiwa kwenye vipigo, usianze na matokeo. Anza na nani anaanza kuwarushia wapigaji mpira leo, na wale warushaji wa akiba walitumika kiasi gani jana na juzi. Ukilijua hilo saa kumi na mbili jioni, mara nyingi unajua iningi ya saba itakuwaje. Mchukue Garrett Crochet, mrushaji wetu wa wakati ule. Mwaka 2023, akitoka kwenye upasuaji wa kiwiko, alirusha iningi kumi na mbili na ushei tu kwenye ligi kuu. Mwaka 2024 wakamfanya mwanzishaji: mechi 32, iningi 146, wapigaji 209 akawatoa kwa straiki tatu, yaani mirusho waliyoshindwa. Kuanzia Julai wakawa wanamtoa karibu na iningi ya nne ili kuulinda mkono wake. Watu wakawa wanazomea, "mbona anatolewa na tunaongoza?" Anatolewa kwa sababu mkono ule una thamani kubwa kuliko mechi moja ya Agosti. Ila iningi tano zinazobaki lazima arushe mtu, na waliokuwepo walikuwa hoi.

Halafu piga hesabu ya mikimbio, ndiyo pointi za mchezo huu. Msimu mzima tulipata 507, tukafungwa 813. Chukua ya kwanza mara yenyewe, gawa kwa jumla ya ile na ya pili mara yenyewe, zidisha kwa 162. Inakuja ushindi 45 hivi, ndio makadirio ya timu yenye mikimbio hiyo. Tulipata 41. Maana yake ubovu ulikuwa wa kweli, si mikosi wala mwamuzi wa Mei 23, na juu ya ubovu huo mechi chache zikaponyoka mwishoni. Wewe ulitaka kumlaumu mtu mmoja. Hesabu inakukatalia.

Vile vipigo 21 mfululizo, Julai 10 hadi Agosti 5, vilikaa katikati ya dirisha la kubadilishana wachezaji. Wachezaji wetu Fedde na Pham wakaenda timu ya Cardinals, Kopech Dodgers, Jiménez Orioles. Unapouza hivyo unajua mechi zijazo utapigwa. Grifol, kocha wetu, alifukuzwa Agosti 8, siku mbili baada ya kushinda 5-1 kule Oakland. Hii si ligi ya mechi 30 kama ya nyumbani, ambako vipigo vinne vinamng'oa kocha. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia tulia, nawe ukanijibu kwamba kijana mwenye akili hapotezi usiku wake kwa timu ya namna hii.

Mjomba, lile neno liliniuma. Wewe ndiye uliyenipeleka uwanjani kwao mtaa wa 35 wakati sijui hata boli na straiki. Nikaendelea kuangalia kwa sababu ulinifundisha kuangalia, na sioni kosa langu hapo. Wiki ya mwisho tulikuwa na vipigo 120, sawa na timu ya Mets ya 1962, kila mtu anasubiri tuvunje rekodi ya vipigo vya msimu mmoja tangu 1900. Vijana wakawafunga Angels mechi zote tatu. Septemba 27 Detroit Tigers wakatufunga 4-1, rekodi ikawa yetu, na siku mbili zilizofuata tukawafunga Tigers walewale waliokuwa wameshafuzu. Ushindi mara tano katika mechi sita, wa watu ambao hawakuwa na cha kupigania. Wewe hukuwepo, na ungelipenda, nakujua.

Desemba Crochet akaenda Boston, tukapata wachezaji wanne, wakiwemo Teel na Meidroth. Mwaka 2025 tukashinda 60, tukapoteza 102. Bado ni timu mbovu, lakini ni ushindi 19 zaidi, na wawili hao walikuwa wanacheza.

Watoto bado wanajaza kitabu. Mdogo anauliza namna ya kuandika mkimbiaji anapotolewa kati ya besi mbili, mpira ukipita mikononi mwa watu wanne, na mimi mpangilio wake huwa siujibu vizuri kama wewe. Mpigie yeye, kama mimi hutaki kunipigia. Hupatikana baada ya chakula cha jioni.

Nisalimie mkaza mjomba.